Macho Yasiyoshuka

Uvira, 8 Septemba 1963

Yaya Sabine,

Nimerudi jana kutoka Nyakabere, kwa wazazi wa mchumba wangu Firmin, na hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu. Mama anapita kando yangu kama anavyopita kando ya chungu chenye ufa. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Mama zetu ni wa tumbo moja, umesomea uuguzi, na kati yetu kuna mpaka wa nchi mbili, kwa hiyo hutaona uso wangu wakati unasoma.

Unajua desturi. Siku ya kutambulishwa, msichana humpelekea baba mkwe maji ya kunawa. Anapiga magoti, anashusha macho, anamimina, wala hasimami mpaka mzee aseme asante. Shangazi alinifundisha hayo nikiwa na miaka kumi. Nilipiga magoti, Yaya. Nilishusha macho. Niliona vidole vya miguu vya mzee Léopold, na udongo mweusi wa shamba la pamba ndani ya kucha zake. Ningewezaje kuona kucha zake kama nilikuwa namtazama usoni?

Lakini alirudisha mikono nyuma kabla maji hayajamfikia. Akamwambia mkewe, si mimi: "Pudentienne, huyu mutoto iko ananiangalia vile komanda wa Wazungu wa zamani alikuwa anatuangalia siku ya kupima pamba."

Watu walicheka. Mama Pudentienne hakucheka. Alisema: "Minye nilisema. Macho ya masomo haishukake."

Maji yalimwagika kwenye mkeka. Firmin, ambaye ofisi yake ya Bukavu ilimpa likizo ya siku tatu kwa ajili ya jambo hili tu, alitazama viatu vyake.

Tangu jana najichunguza. Labda wana haki. Labda ndani yangu kuna kiburi kilichokua kimyakimya darasani, na sasa uso umeshindwa kukificha. Mwili wangu wote umenigeuka. Chaki inatetemeka mkononi. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Nakula kuliko Baba, na blauzi zinanipwaya. Macho yanawasha kama yametiwa mchanga wa ziwa. Wanafunzi wananiita Madame Taa, wanadhani sisikii. Mdogo wetu Louise anasema nikilala macho hayafungi vizuri, naonekana kama samaki wa mukeke sokoni. Louise ana miaka kumi na minne, hana huruma, lakini hasemi uongo.

Niambie ukweli. Je, kiburi kinaonekana?

Mdogo wako,
Léocadie

*

Bujumbura, 15 Septemba 1963

Mdogo wangu mwenye kiburi,

Kaa mbele ya kioo cha Mama yako na kikombe cha maji. Inua kidevu, meza, tazama shingo. Kama kuna kitu kinapanda na kushuka chini ya koo, kinene kama kiini cha embe, usishtuke. Kisha nyosha mikono mbele na Louise aweke karatasi juu ya vidole, aone kama inatetemeka. Kisha Louise apitishe kidole chake mbele ya uso wako, kutoka paji la uso hadi kidevuni, nawe ukifuate kwa macho bila kuinamisha kichwa. Kama kope ya juu inabaki nyuma, na weupe unaonekana juu ya mboni, basi mwambie Louise akuambie hivyo, maana hasemi uongo.

Ulishusha macho, Léo. Kope ndizo hazikushuka. Hayo ni mambo mawili, na mzee Léopold aliona moja.

Huu ni ugonjwa. Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, kama injini ambayo dereva ameshuka akaiacha ikinguruma. Ndiyo inayokukimbiza moyo na kukula nyama. Macho yanaugua pamoja nayo: nyama iliyo nyuma yake inavimba na kuyasukuma mbele, na kope zinavutwa juu. Sijakuona, lakini nimeona wengine wanne. Mmoja alikuwa padri, na hakuna aliyesema ana macho ya masomo.

Njoo Ijumaa. Hapa hospitali kuna daktari anayejua macho. Mpaka siku hiyo, weka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, ili uvimbe ushuke, na ujikinge na vumbi na jua.

Na umwambie Firmin. Leo, si kesho.

Sabine

*

Uvira, 6 Oktoba 1963

Firmin mpenzi,

Asante kwa barua. Niko mzima. Nilikwenda Bujumbura siku nne, kutafuta vitabu vya darasa la tano, nikakaa kwa dada yangu Sabine. Nimekutumia picha tuliyopiga huko. Hiyo miwani nyeusi ni mtindo tu, Sabine ndiye aliyenishawishi. Usimwonyeshe Mama Pudentienne kama unadhani haitampendeza.

Unauliza kama bado nina uchungu kwa ajili ya siku ile. Hapana. Wasalimie wazazi ukiwaandikia. Mwambie baba yako kwamba nilimheshimu.

Wako,
Léocadie

*

Bujumbura, 19 Januari 1964

Léo,

Daktari amefurahi kuhusu moyo wako. Vidonge vinafanya kazi: tezi imetulia, na wewe mwenyewe unasema chaki haitetemeki tena. Utaendelea navyo mwaka mmoja au zaidi. Kumbuka sharti lake: ukipata homa na koo kuuma, acha vidonge siku hiyohiyo na uje upimwe damu. Usisubiri Jumatatu.

Lakini macho hayakufuata. Ulimuuliza daktari, akajibu kwa Kifaransa cha haraka, nawe ukaitikia kwa adabu. Nilikuona ukiitikia kitu ambacho hukukielewa. Kwa hiyo nakuandikia polepole.

Macho haya yana safari yao wenyewe. Kuna kipindi cha moto, mwaka mmoja au miwili, halafu yanapoa yenyewe. Hayarudi kama mwanzo, lakini yanapoa. Kazi yetu ni kuyalinda mpaka yapoe, hasa kioo cha mbele cha jicho, kile kinachokauka kwa sababu kope hazikutani unapolala. Kioo kikikauka kinapata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Watu huliona kovu na kusema ni mtoto wa jicho. Si huyo. Huyo hutolewa. Kovu hili hubaki.

Ulitaka kujua kama kukata tezi kutaponya macho. Daktari anasema huenda ikahitajika siku moja kwa ajili ya tezi, lakini kwa macho hakuna ahadi. Ulaya wanayapiga kwa miale, na wengine wanafungua mfupa nyuma ya jicho ili lipate nafasi. Hapa hatuna hayo, na sitakudanganya kwamba utapelekwa.

Yanabaki mawili. Kuna vidonge vya kortizoni, vinavyoshusha uvimbe. Vinasaidia wengine, si wote, na vina bei yake mwilini: uso unakuwa wa mviringo, usingizi unapungua, tumbo linauma, na ni mwiko kuviacha ghafla. Hupunguzwa robo kwa robo. Na kuna sindano na uzi. Daktari anashona kope kwenye pembe za nje, kidogo tu, ili jicho liwe na mlango mwembamba. Huchukua nusu saa. Baadaye, macho yakipoa, anaweza kufungua. Utaonekana kama mtu anayesinzia.

Yeye angechagua uzi. Mimi pia. Lakini macho ni yako.

Umemwambia Firmin?

Sabine

*

Uvira, 2 Februari 1964

Yaya,

Kortizoni.

Najua utakachosema. Harusi ni Julai, Firmin hakuifuta hata baada ya siku ile. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo, na kila mara nafika kwenye neno uzi na kuona mkeka ule wa Nyakabere. Walisema macho yangu ni makubwa mno kwao. Je, niende sasa na macho yaliyoshonwa, waseme nini? Kwamba nimeyafunga kwa sababu kuna kitu niliona?

Firmin sijamwambia. Kila Jumapili naanza barua. Naandika "mimi mgonjwa", na neno linakaa kwenye karatasi kama mgeni asiyeaga, mpaka nachana. Yeye alimchagua msichana aliyesoma. Mgonjwa hakumchagua. Nataka nipone kwanza, ndipo nimsimulie kama jambo lililopita.

Usimwandikie. Nakuomba kwa jina la mama zetu.

Léocadie

*

Bukavu, 4 Aprili 1964

Léocadie,

Mama ameniandikia kwa mkono wa katekista. Anasema amekuona sokoni Uvira siku ya Jumamosi. Anasema umenenepa, uso umejaa kama mwezi, na kwamba wanawake waliokuwa naye hawakuhitaji kuambiwa maana yake. Alikuita na wewe ukavaa miwani na kuondoka.

Mimi niliondoka huko Septemba na sijarudi. Nimehesabu miezi, nikahesabu tena.

Miezi hii yote barua zako zimekuwa kama karatasi za ofisi. Niko mzima, wasalimie, wako. Nilidhani ni hasira kwa sababu siku ile sikufungua kinywa mbele ya Baba, na nikajiambia nastahili. Lakini kumbe nyuma ya miwani kulikuwa na mtu mwingine. Niambie tu ni nani, ili nisiwe wa mwisho kujua.

Firmin

*

Bujumbura, 14 Aprili 1964

Bwana Firmin,

Hatujaonana. Mimi ni Sabine, mtoto wa mama mkubwa wa Léocadie, na mimi ni muuguzi. Amenitumia barua yako bila neno lolote lake ndani ya bahasha. Alinikataza kukuandikia. Nakuandikia.

Hana mimba. Ana ugonjwa wa tezi ya shingo, na macho yake yanaugua pamoja nayo. Uso umejaa kwa sababu ya kortizoni, dawa aliyoichagua badala ya kushonwa kope, na aliichagua kwa ajili ya siku ya harusi yenu. Miwani ni ya kuzuia jua na vumbi. Siku ile Nyakabere alishusha macho mbele ya baba yako. Kope ndizo hazikushuka, kwa kuwa zimevutwa na ugonjwa. Mweke mtu mwingine yeyote mwenye ugonjwa huo kwenye mkeka ule, baba yako ataona vilevile.

Kama bado unamtaka, usimwandikie kwanza yeye. Mwandikie baba yako. Yeye ndiye aliyerudisha mikono.

Nasikia bondeni kumeanza vita na kwamba barabara ya Bukavu iko karibu kufungwa. Fanya haraka.

Sabine

*

Uvira, 21 Juni 1964

Yaya,

Barua hii inabebwa na Agnès, muuza dagaa wetu wa ndagala, ndani ya kikapu. Ikinuka, ni yeye.

Tuko hai wote. Waasi wa Simba waliingia mwezi uliopita na mpaka umefungwa. Shule haipo tena, ni mahali pao pa kulala. Vidonge vya tezi vimebaki vya siku kumi. Kortizoni ilipokaribia kwisha niliipunguza robo kwa robo kama ulivyonifundisha, mpaka robo ya mwisho. Kisha jicho la kulia likaanza kuuma. Si kuwasha kama zamani. Kuuma, kama kuna mwiba, na mwanga unanichoma. Louise anasema kuna nukta nyeupe kwenye kioo. Nilimwambia anadanganya. Ni mara ya kwanza kumwambia hivyo.

Sasa sikiliza kilichonipata Jumatano.

Nilitoka kutafuta mafuta ya taa. Miwani niliiacha chini ya godoro, maana siku hizi mwenye miwani anaitwa mtu wa serikali. Karibu na daraja la Mulongwe kulikuwa na barabara iliyofungwa na magogo, na watu wamepangwa mstari. Wapiganaji walikuwa wametoka kunyunyiziwa dawa yao. Dawa inageuza risasi kuwa maji, ndivyo wanavyoamini, na mwanamke akiwatazama kabla hawajavuka daraja, maji yanageuka tena kuwa risasi. Kwa hiyo wanawake wote macho chini.

Nilitazama chini. Niliona kokoto. Naweza kukuchorea kila kokoto.

"Weye! Shusha macho!"

"Nimeyashusha."

"Iko anabisha! Anatuangalia na anabisha!"

Mkubwa wao alikuja, ana ngozi ya chui kichwani. Akaniinua kidevu kwa ncha ya mkuki. Nikatazama chini zaidi, mpaka nikaona mkono wake kwenye mpini wa mkuki, na najua, Yaya, kwamba kila nilivyozidi kushusha ndivyo weupe ulivyozidi kuonekana. Heshima yangu yote ilikuwa inageuka kuwa ushahidi. Nikafikiri: kumbe nitakufa kwa jambo lilelile, na hata sasa sina namna ya kulieleza.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mstari. "Muache huyo! Huyo ni mukwe wangu!"

Alikuwa mzee Léopold. Nyakabere kumeungua na wao wamekimbilia mjini, sikujua. Alikuwa na kuku chini ya kwapa na hakumwachia hata alipokuwa anasukumwa.

"Mukwe wako anavunja dawa yetu," akaambiwa.

"Ni shingo yake iko inagonjwa, haiko mambo ya dawa yenu. Hata minye aliniangalia vile. Alipiga magoti, maji mukononi, akaniangalia vile. Nilimukasirikia sana sana, mpaka mutoto wangu akaniandikia. Muulize huyu mama." Akamvuta mkewe. "Pudentienne, sema."

Mama Pudentienne akasogea mbele. Akasema: "Ni kweli. Tulimufukuza juu ya macho hayo. Nani anafukuza mukwe wake bure?"

Unaona, Yaya? Ushuhuda wao ulikuwa ule ule walionishtaki nao. Hakuna mwingine pale kwenye mstari angeweza kuapa kwamba nilikuwa hivi kabla ya vita.

Yule mwenye ngozi ya chui akaniambia: "Funga." Nikafunga. Akainama karibu mpaka nikasikia pumzi yake, akaona ule mstari mweupe unaobaki. Akarudi nyuma hatua mbili. "Huyu anaona hata akifunga," akawaambia wenzake. "Aende kwao. Asitoke tena."

Kwa hiyo niko ndani. Wazee wa Firmin wako hapa kwetu, wanalala jikoni. Mzee hajanisemesha. Mimi pia sijui nianze wapi. Nasikia tu jinsi anavyokohoa.

Kwa hiyo ulimwandikia Firmin. Nilikukataza kwa jina la mama zetu. Sijui kama nikulaumu au nikushukuru, na jicho linauma mno, siwezi kufanya yote mawili.

Léocadie

*

Bujumbura, 2 Julai 1964

Léo,

Lawama nazipokea. Ningemwandikia tena.

Ile nukta ni kidonda. Haisubiri vita iishe. Agnès anavuka Jumapili alfajiri na mitumbwi ya ndagala. Jifunge kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, beba kikapu, usiongee na mtu. Tia mafuta haya ya tyubu ndani ya kope kila baada ya saa mbili, na ukilala funga macho kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa. Mimi nitakuwa ufukweni. Daktari anajua.

Safari hii ni uzi. Sitakuuliza.

Sabine

*

Bujumbura, 30 Agosti 1964

Baba Léopold,

Barua hii atakusomea Louise. Nimemwambia asome yote, hata pale atakapoona haya.

Kwanza nakushukuru. Nilivuka bila kukuaga, kwa sababu ulikuwa umelala, na kwa sababu niliogopa. Mama ameniandikia kwamba asubuhi ile uliuliza niko wapi, na ulipoambiwa ulikaa mlangoni mpaka Agnès aliporudi na habari. Sikutegemea hilo.

Daktari alinishona siku ileile niliyofika. Nilikuwa macho, nikasikia uzi ukipita. Aliniambia ningekuja Februari ningekuwa na macho mawili mazima. Hakusema kwa ukali. Jicho la kushoto limepona na linaona vizuri. La kulia limebaki na kovu, naona nalo kama mtu anayetazama kupitia karatasi iliyopakwa mafuta. Vidonge vya tezi naendelea navyo. Pembe za kope zitafunguliwa macho yakipoa, labda baada ya mwaka, labda zisifunguliwe kabisa. Sabine anasema nafanana na mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Firmin alifika hapa wiki mbili zilizopita kwa njia ya Rwanda. Alivuta kiti karibu na kitanda. Kisha akamwomba Sabine amfundishe namna ya kutia mafuta kwenye jicho. Mara ya kwanza alinipaka puani. Sabine alicheka mpaka akatoka nje. Amerudi tena mara tatu na sasa anajua. Ameniuliza kuhusu harusi. Sijamjibu. Nilimwambia kuna jambo la kumaliza na wewe kwanza, nawe usidhani ni kisirani.

Nilikuficheni ugonjwa wangu, wewe na Mama Pudentienne na Firmin. Nilifikiri namlinda mtoto wenu asioe mgonjwa kabla hajapona. Kumbe nilikuwa nawaacha muone kiburi mahali palipokuwa na ugonjwa, na hamkuwa na kitu kingine cha kuona. Jicho moja limelipa kosa hilo. Sikulaumu kwa ulichosema siku ile. Kama ningekuwa mimi kwenye kile kiti, na msichana ananiangalia hivyo, ningerudisha mikono pia.

Lakini Baba, hukunawa. Maji yalimwagika kwenye mkeka na hakuna aliyesema asante, kwa hiyo kwa desturi yetu mimi bado nimepiga magoti pale.

Njia ikifunguka nitakuja, Nyakabere kama nyumba imejengwa tena, au hapo jikoni kwa Mama kama bado. Nitaleta maji. Nitashusha macho. Jicho la kushoto litashuka, utaona kope ikifunga mlango wake vizuri kama ya msichana yeyote. La kulia halitashuka lote. Litabaki likikutazama kidogo, na kovu lake jeupe, na halitakuwa na ubaya wowote.

Usirudishe mikono.

Mkweo,
Léocadie